Benki Yako Ina Matawi Mangapi? Historia Fupi ya Kushindanisha Kanzidata Huria

Siku niliyowasilisha maendeleo ya utafiti wangu wa shahada ya umahiri, nilikuwa na grafu moja niliyojivunia kuliko kitu kingine chochote kwenye slaidi zangu. Ilikuwa na nguzo mbili tu. Nguzo fupi iliandikwa PostgreSQL, nguzo ndefu iliandikwa MySQL, na chini yake niliweka sentensi yenye uhakika wote wa mtu ambaye bado hajaulizwa swali: "MySQL ina kasi zaidi."

Nikamaliza, nikanywa maji, nikasubiri pongezi. Mwalimu mmoja aliyekaa viti vya nyuma akainua mkono. "Samahani kijana," akasema, "hiyo benki yako ina matawi mangapi?"

Wenzangu wakacheka wakidhani anatania. Na mimi nikacheka, maana utafiti wangu haukuhusu benki hata kidogo. Ulihusu kanzidata. Yeye peke yake hakucheka. Akaongeza tu, "Kaangalie, halafu urudi."

Nilienda kuangalia. Nilichokikuta kilinilazimu kuandika upya sura nzima ya tasnifu, ila pia kilinifundisha historia ambayo nadhani kila anayesoma kompyuta, au anayetaka kujua tu, anapaswa kuijua. Hebu nikusimulie.

Swali lilizaliwaje

Tuelewane kwanza. Kanzidata ya kimahusiano ni ile inayotunza taarifa kwenye majedwali: mistari na safu, kama daftari la mahudhurio. Wazo hilo lilitolewa na Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, mwaka 1970. Kabla yake, mwandishi wa programu alilazimika kujua taarifa imekaa wapi kwenye diski na aifuate kwa njia gani. Codd akapendekeza kinyume: mtu aseme anataka nini, mashine yenyewe itafute njia ya kukipata.

Ukifikiri vizuri, mashindano yalizaliwa hapo hapo. Kama mimi na wewe tunaziuliza mashine mbili swali lile lile, na kila moja inajitafutia njia yake, basi moja itatangulia. Miaka ya 1970 kulikuwa na majaribio mawili makubwa ya kulitekeleza wazo la Codd: System R ndani ya IBM, na Ingres katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker na Eugene Wong. Baadaye zikaja kampuni za kuuza, Oracle ikiwemo. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila muuzaji alikuwa anasema yake ndiyo yenye kasi. Kila mtu anaisifia biashara yake, ndiyo kawaida ya soko. Ila nani alikuwa amepima?

Waliothubutu kutaja majina

Mwaka 1983 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Dina Bitton, David DeWitt na Carolyn Turbyfill, walipima. Walitengeneza majedwali ya kubuni, kubwa zaidi likiwa na mistari 10,000, kila mstari baiti 182. Kisha wakaandaa orodha ya maswali: chagua mistari kadhaa, unganisha majedwali mawili, futa, badilisha. Wakaziuliza mifumo kadhaa maswali hayo hayo, wakaandika muda uliotumika.

Mpaka hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba waliyachapisha matokeo na majina ya mifumo yakiwa wazi kabisa, na Oracle haikung'ara. Inasimuliwa kwamba Larry Ellison, mkuu wa Oracle, alikasirika mpaka akampigia simu mkuu wa idara akitaka DeWitt afukuzwe kazi. DeWitt hakufukuzwa. Lakini leseni ya Oracle ikaja kuwekwa kifungu kipya: mteja haruhusiwi kuchapisha matokeo ya upimaji wa kasi bila kibali cha kampuni. Kampuni nyingine zikaiga. Mpaka leo wataalamu wanakiita kifungu cha DeWitt.

Naomba usikipite haraka, msomaji. Maana yake ni kwamba unaweza kuinunua programu kwa pesa yako, ukaiweka kwenye seva yako, ukaipima kwa muda wako, na bado usiruhusiwe kumwambia jirani ulichokiona. Kwa sisi wa vyuoni hilo si jambo dogo. Sayansi ambayo mwenzako haruhusiwi kuisoma ni siri ya biashara tu.

Benki ya kubuni

Kipimo cha Wisconsin kilikuwa na udhaifu wake: kilipima mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja. Maisha hayako hivyo. Sekunde unayotuma pesa kwa simu, kuna maelfu ya watu nao wanatuma. Na kutuma pesa si kuuliza swali tu; ni muamala. Kwako inatoka, kwa mwenzako inaingia. Ama yote mawili yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Mfumo ukizimika katikati, pesa isipotee njiani.

Huyo muamala alikuwa na mtaalamu wake: Jim Gray, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Turing mwaka 1998, na ambaye mwaka 2007 alipotea baharini akiwa peke yake kwenye mashua yake nje ya San Francisco. Mwaka 1985, tarehe 1 Aprili, gazeti la Datamation lilichapisha makala ya Gray na wenzake 24 kuhusu namna ya kupima nguvu ya mfumo wa miamala. Jina la mtunzi halikuwekwa. Paliandikwa tu kwamba hajulikani, yeye na wenzake.

Kipimo chenyewe kilikuwa benki ya kubuni. Mteja anakuja kwa keshia, anaweka au anatoa pesa. Mfumo unabadilisha salio la akaunti, unabadilisha hesabu ya keshia, unabadilisha hesabu ya tawi, unaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu za matukio. Basi. Lakini Gray aliweka sharti la busara sana: huwezi kudai kasi kubwa kwa benki ndogo. Ukitaka kudai miamala 100 kwa sekunde, benki yako lazima iwe na matawi 1,000, makeshia 10,000 na akaunti 10,000,000. Na miamala 95 katika kila 100 ipate jibu ndani ya sekunde moja.

Wauzaji walikipenda kipimo kile, wakaanza kukipunguza. Huyu anaondoa wateja waliokaa kwenye foleni, yule anaondoa mtandao, kisha wote wanatangaza namba kubwa kwa jina lile lile. Mwaka 1988 Omri Serlin aliwashawishi wauzaji wanane waunde baraza la pamoja, TPC, la kuandika kanuni na kuzisimamia. Likatoa kipimo A mwaka 1989, B mwaka 1990, na C mwaka 1992, huyu wa mwisho akiiga ghala la bidhaa badala ya benki. Hata hivyo ujanja haukuisha. Ilibidi baraza liandike kanuni ya kupiga marufuku vipengele vya programu vinavyotengenezwa kwa ajili ya kushinda kipimo tu, visivyomsaidia mteja yeyote wa kweli. Ni kama mwanafunzi anayekariri mitihani iliyopita: alama anapata, somo halijui.

Wawili walioingia bila kualikwa

Wakati kampuni kubwa zinagombana, programu mbili za chanzo huria zilikuwa zinakua pembeni.

Ya kwanza ilitoka kwa Stonebraker yule yule wa Ingres. Mwaka 1986 alianza mradi mpya Berkeley, Postgres, yaani kilichokuja baada ya Ingres. Mwaka 1994 wanafunzi wake wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, wakaipa lugha ya SQL, na mwaka 1996 ikapata jina la sasa, PostgreSQL. Ilikuwa kazi ya chuo: mawazo makubwa, mwendo wa taratibu.

Ya pili ilitoka Sweden. Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson walianzisha MySQL mwaka 1995. My ni jina la binti yake Widenius. Hii ilikuwa kazi ya mafundi: fanya machache, yafanye haraka. Majedwali yake ya kawaida, MyISAM, hayakuwa na miamala kabisa. Kama umeme ukikatika katikati ya kazi, shauri yako. Na mtu mmoja akiandika, jedwali zima linafungwa, wengine wanasubiri.

Sasa jiulize: kati ya hizi mbili, ipi itashinda ukiipima ikiwa na mtumiaji mmoja anayesoma tu? MySQL, bila shaka. Haibebi mzigo wa miamala. Na seti ya vipimo iliyokuja na MySQL ilikuwa inapima hivyo hivyo, mtumiaji mmoja baada ya mwingine. Ipi itashinda ukileta watumiaji wengi, nusu wanasoma, nusu wanaandika? Hapo PostgreSQL ilianza kupumua, hasa baada ya toleo 6.5 la mwaka 1999, ambalo liliwezesha anayesoma asimsubiri anayeandika: kila mmoja anaona nakala yake ya mstari.

Kwa hiyo kulikuwa na wakweli wawili. Mmoja anasema MySQL ina kasi, mwingine anasema PostgreSQL ina kasi, na wote hawadanganyi. Walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti kwa sentensi moja.

Agosti 2000

Mwezi huo, kampuni ya Kimarekani iitwayo Great Bridge, iliyotaka kuifanyia biashara PostgreSQL, ilitangaza matokeo ya upimaji. PostgreSQL 7.0 ilishindanishwa na MySQL, Interbase, na kanzidata mbili za kibiashara. Kwa maelezo ya Great Bridge, PostgreSQL iliziacha mbali zile za huria, na ilikwenda sambamba au kuzipita zile za kibiashara.

Kelele zilipigwa, na zilikuwa na haki. Aliyelipia kipimo ndiye aliyeshinda, na hilo peke yake linatosha kukufanya usome mara mbili. Lakini angalia kitu kimoja. MySQL ilitajwa jina. Interbase ilitajwa jina. Zile mbili za kibiashara hazikutajwa. Ziliitwa tu ya kwanza na ya pili, kwa sababu leseni zao zilikataza. Kifungu cha DeWitt, miaka mingi baadaye, bado kinafanya kazi.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kufundishwa darasani. Tunaposema chanzo huria, wengi tunafikiria bure, au uhuru wa kusoma na kubadilisha msimbo. Kuna uhuru wa tatu tunaousahau: uhuru wa kupima na kusema ulichokiona. Watu wa MySQL waliyapinga matokeo ya Great Bridge hadharani. Kosa lilionekana, lilijadiliwa, likarekebishika. Ukikatazwa kutaja jina, hata kosa lako halina wa kulisahihisha.

Na historia ina utani wake. Sun Microsystems iliinunua MySQL mwaka 2008, na mwaka 2010 Oracle ikamalizia kuinunua Sun. Kampuni ile ile ya kifungu kile. Lakini MySQL ilikuwa imeshatolewa chini ya leseni ya GPL, na leseni hiyo haimkatazi mtu kupima wala kuchapisha. Ndiyo maana hata mimi, mwanafunzi tu mwenye laptopu ya mkopo, niliweza kuweka grafu yangu mbovu mbele ya watu.

Diski na uongo wake

Kabla sijarudi kwenye aibu yangu, kuna jambo moja la kifizikia.

Muamala unahesabika umekamilika pale unapokuwa umeandikwa mahali ambapo umeme ukikatika hautapotea. Kwenye diski ngumu ya kawaida, sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60: mara 120 kwa sekunde. Mteja mmoja anayeandika muamala mmoja, anasubiri ufike salama, kisha anaandika mwingine, hawezi kuvuka kwa mbali miamala 120 kwa sekunde, kwa sababu lazima angojee sahani izunguke. Ukiona mtu anatangaza maelfu kwa diski ya namna hiyo na mteja mmoja, jua kuna mtu anamdanganya: ama diski imesema "tayari" kabla haijaandika, ama kuna mpangilio umezimwa.

Diski za SSD zimebadilisha namba, hazijabadilisha kanuni. Na mipangilio hiyo ipo pande zote mbili. PostgreSQL ina fsync, ambayo ukiizima mambo yanakwenda mbio, na umeme ukikatika kanzidata nzima inaweza kuharibika. Upande wa MySQL kuna InnoDB, injini ya miamala iliyotengenezwa na Heikki Tuuri wa Finland, iliyoungana na MySQL mwaka 2001 na kuwa injini ya kawaida katika toleo 5.5 la mwaka 2010. Nayo ina mpangilio wake: ukiuweka 1, kila muamala unasukumwa mpaka kwenye diski, ukiuweka 2, kazi ya kusukuma inafanyika takriban mara moja kwa sekunde. Kasi inapanda, na uko tayari kupoteza sekunde moja ya miamala.

Tawi moja

Sasa nirudi kwenye grafu yangu.

Upande wa PostgreSQL nilitumia pgbench, kifaa kinachokuja nayo. Sikujua kwamba pgbench imetokana na kipimo B cha TPC, yaani mjukuu wa benki ya Jim Gray. Ukiiendesha bila kuiambia ukubwa, inatengeneza benki ya kiwango cha 1: akaunti 100,000, makeshia 10, na tawi moja. Tawi moja! Na kila muamala lazima ubadilishe hesabu ya tawi. Mimi nilileta wateja 50 kwa wakati mmoja. Wote 50 wakawa wanaugombea mstari mmoja wa jedwali, mmoja anaingia, 49 wanasubiri mlangoni. Nilikuwa sipimi kanzidata. Nilikuwa napima foleni niliyoitengeneza mwenyewe. Maelezo ya pgbench yanasema wazi kwamba kiwango kisiwe chini ya idadi ya wateja. Sikuyasoma.

Upande wa MySQL nilitumia kifaa kingine, sysbench, kwenye jedwali la mistari milioni moja, ambako wateja hawakugongana. Muamala wake una maswali mengi ya kusoma na mabadiliko machache. Yaani neno "muamala" chini ya nguzo ya kushoto halikuwa na maana moja na neno "muamala" chini ya nguzo ya kulia. Juu ya hayo, nilikuwa nimefuata ushauri fulani wa mtandaoni nikauweka ule mpangilio wa InnoDB kuwa 2. PostgreSQL niliiacha ilipe gharama yote ya usalama.

Makosa matatu, yote upande mmoja. Na hakuna hata moja lililofanywa kwa nia mbaya. Hilo ndilo lililonitisha. Mwaka 2018 watafiti wa kituo cha CWI cha Amsterdam waliandika makala nzima kuhusu ugumu wa kupima kanzidata kwa haki, na moja ya hoja zao ni kwamba mtu huujua vizuri mfumo wake na huuacha wa mwenzake katika mipangilio ya kiwandani. Nilipoisoma niliona kama wamenitembelea hosteli.

Nilirudia kila kitu. Majedwali yale yale, miamala ile ile, usalama ule ule, benki yenye matawi ya kutosha. Ile nguzo ndefu ikashuka. Kwenye kazi nyingine hii ilitangulia, kwenye kazi nyingine ile. Na sababu zake zilieleweka. PostgreSQL inapobadilisha mstari huandika nakala mpya ya mstari mzima, na mara nyingi lazima faharasa zake zote ziambiwe, ingawa ina namna ya kulikwepa hilo pale ambapo safu zenye faharasa hazijaguswa. Katika InnoDB, faharasa za ziada zinaelekeza kwenye ufunguo mkuu, kwa hiyo badiliko dogo linasumbua wachache. Lakini anayesoma kupitia faharasa hizo anatembea hatua mbili badala ya moja. Kampuni ya Uber ilipotangaza mwaka 2016 kwamba imehama kutoka PostgreSQL kwenda MySQL, hoja yake mojawapo ilikuwa hiyo hiyo. Ilikuwa hoja ya kazi yao: mabadiliko mengi, faharasa nyingi. Si hukumu kwa dunia nzima.

Usidhani haya ni ya Uber na Amsterdam tu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, unaendeshwa na MySQL. DHIS2, ambao wizara za afya za nchi zetu zinakusanyia ripoti za vituo, unaendeshwa na PostgreSQL. Siku moja mtu atakuuliza wewe, kwa sababu umesoma kompyuta, tuweke ipi hospitalini. Usimpe nguzo mbili. Muulize kwanza: wangapi wanaandika kwa wakati mmoja, wanasoma nini, na umeme ukikatika uko tayari kupoteza nini?

Nilipowasilisha mara ya pili, yule mwalimu alikaa pale pale nyuma. Akainua mkono tena. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Matawi 100, mwalimu." Safari hii alicheka yeye, halafu akauliza swali jingine ambalo nalo sikuwa na jibu lake.